Fahrenheit 451 ya mwaka 2018: kwa nini wamemtoa Mildred?

Nesi_wa_Zamu

Wadau wa riwaya na filamu, naomba mnisaidie kuelewa jambo. Ambaye hajasoma kitabu wala kuona filamu ajue mapema kwamba nitagusa kila kitu mpaka mwisho.

Mimi ni nesi, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury niliisoma nikiwa mwanafunzi wa uuguzi na sijawahi kuachana nayo. Nakala yangu imelegea mgongo, kurasa za mwanzo nimezirudishia kwa gundi. Niliposikia kwamba kituo cha televisheni cha HBO walitoa filamu yake mwaka 2018, imeongozwa na Ramin Bahrani, Michael B. Jordan ndiye Montag na Michael Shannon ndiye Kapteni Beatty, nilitamani sana kuiona. Nimeiona wiki hii. Nimeumia, na nataka kueleza kilichoniuma badala ya kusema tu kwamba ni mbaya.

Kitabu kile watu hukitaja kwa moto wake. Ni kweli, Guy Montag ni askari wa zimamoto katika nchi ambayo zimamoto hawazimi, wanachoma vitabu kwa mafuta ya taa, na siku moja anaanza kuvificha nyumbani kwake. Lakini mimi kilichonishika kiko kurasa chache tu baada ya mwanzo. Montag anarudi usiku. Chumba cha kulala kina giza na baridi. Mguu wake unagonga kitu kidogo sakafuni, kumbe ni chupa tupu ya vidonge vya usingizi. Mkewe Mildred amelala, hajitambui, vile vidude vyake vya redio viko masikioni. Montag anapiga simu. Haji daktari. Wanakuja mafundi wawili na mashine, wanamsafisha tumbo na kumbadilisha damu huku wanavuta sigara, wanamwambia mume kwamba kesi za namna hii wanapata 9 au 10 kwa usiku mmoja, ndiyo maana daktari hahitajiki tena. Bei ni dola 50. Wanabeba mashine yao, wanakwenda kwa mwingine.

Asubuhi Mildred ameamka na njaa. Hakumbuki kitu. Montag akimweleza alichofanya, anakataa katakata: mimi nifanye hivyo kwa sababu gani?

Nimepokea watu wa namna hiyo. Nimekaa kando ya kitanda mpaka kunakucha, mtu akafumbua macho na swali lake la kwanza likawa simu yake iko wapi. Bradbury alichapisha kitabu hiki mwaka 1953. Sijui wodi gani alikaa, lakini lile jibu la Mildred la asubuhi ni jibu ninalolijua kwa masikio yangu mwenyewe. Mafundi wale nao nawajua. Si watu wabaya. Ni watu waliochoka, waliozoea, ambao kazi imekuwa nyingi mpaka mgonjwa amegeuka kuwa namba ya usiku huo. Kila ninapoona nimeanza kuwa kama wao narudi kwenye zile kurasa.

Sasa, kwenye filamu ya 2018 Mildred hayumo. Hayumo kabisa. Montag anaishi peke yake na mashine yenye sauti inayoitwa Yuxie, anaongea nayo nyumbani. Hakuna chupa sakafuni, hakuna mafundi, hakuna sebule yenye kuta tatu za televisheni na mwanamke anayeomba wa nne wakati gharama yake ni theluthi ya mshahara wa mumewe kwa mwaka. Wale rafiki zake wawili wanaokuja kuangalia kuta, halafu Montag anawasomea shairi la Matthew Arnold na mmoja wao anabubujikwa na machozi bila kujua analia nini, nao hawamo.

Mnaweza kusema huyo ni mhusika mdogo. Hapana. Mildred ndiye anayempigia zimamoto simu wamchome mume wake. Anatoka na sanduku mkononi, anapita karibu na Montag anaingia kwenye teksi, na anachokilalamikia ni ile "familia" yake ya kwenye kuta kwamba imekwisha. Mume hamwoni. Sijasoma mahali pengine usaliti unaofanywa na mtu asiye na chuki hata chembe. Ukimtoa yeye unabaki na hadithi ya askari, mkubwa wake na waasi. Hadithi hizo ziko nyingi.

Na hapa ndipo penyewe. Kitabu kinamshtaki msomaji. Faber, yule profesa mzee, anamwambia Montag kwamba zimamoto hawana kazi kubwa, watu waliacha kusoma wenyewe. Beatty naye, akiwa ameketi chumbani kwa Montag siku Montag anajifanya mgonjwa, anasema wazi kwamba jambo hili halikuanzia serikalini. Anaeleza hatua kwa hatua: vitabu vikafupishwa vienee kwenye kipindi cha redio cha dakika 15, vikafupishwa tena viwe safu ya kusoma kwa dakika 2, mwisho vikawa mistari 10 au 12 ndani ya kamusi. Watu walipenda iwe hivyo. Serikali ilikuja kukuta kazi imeshafanyika.

Filamu inasema kinyume. Kuna Wizara, kuna matone ya macho ya kuwapumbaza watu, kuna kufutiwa utambulisho wako ukikamatwa. Wakubwa wamefanya, wadogo wamefanyiwa. Nilipomaliza kuitazama sikuhisi kwamba kuna mtu ameniuliza swali lolote kuhusu mimi. Kitabu huniuliza kila nikikifungua.

Mambo mengine nayataja haraka. Clarisse, ambaye kitabuni ni msichana wa miaka 17 anayemuuliza Montag kama ana furaha halafu anapotea, hapa amekuwa mpelelezi wa Beatty na mpenzi wa Montag. Yule mbwa wa chuma wa kitabuni, mashine ya zimamoto ya kuwasaka watu, hayupo. Na mwisho, badala ya watu wanaotembea msituni kila mmoja na kitabu kichwani, kuna ndege aliyewekewa maandishi yote ya binadamu ndani ya vinasaba vyake. Montag anakufa, ndege anaruka.

Maswali yangu ni mawili. Kuna anayejua kwa nini walimwondoa Mildred? Na ile filamu ya zamani ya 1966, mnanishauri niitazame au nibaki na kitabu changu?

---

Mkaa_Mbele

Dada, pole kwa maumivu, lakini mimi filamu hii niliipenda na naomba nisimame upande wake.

Kitabu ni cha 1953. Wakati huo televisheni ndiyo ilikuwa inaingia sebuleni na Bradbury aliiogopa. Ukimletea mtazamaji wa leo mama wa nyumbani anayetazama kuta tatu, atasema hao ni wazee wa zamani, hainihusu. Bahrani alitafuta kitu kinachotuhusu sisi. Zimamoto wake wanachoma huku wanarushwa moja kwa moja kwenye majengo ya mji mzima, na watu wanatuma vikatuni vya kucheka na vya mioyo huku kitabu kinaungua. Hiyo mimi ilinitisha. Naona ndiyo Mildred wako huyo, ila wamemgawa kwa umma mzima.

Halafu Beatty wa Michael Shannon. Usimwache bila kumtaja. Kuna pale anapoandika sentensi kwa mkono, kwa siri, kwenye vikaratasi, halafu anavichoma. Mtu anayekijua kitu, anakipenda, na kazi yake ni kukiua. Kitabuni Beatty anamwaga nukuu za vitabu kila dakika lakini hatuoni akiwa peke yake. Filamu imetuonyesha.

Kuhusu Mildred, ninachokijua ni kwamba walikuwa wamempata mwigizaji wa nafasi hiyo, Laura Harrier, na ilitangazwa hivyo mwaka 2017. Filamu ilipotoka hakuwemo. Kwa hiyo wazo la kuwa na mke lilikuwepo mpaka mbali, likaondolewa njiani. Filamu ina kama dakika 100 tu. Kuna kitu lazima kibaki nje.

Na mwisho niseme: Bradbury mwenyewe hakukiheshimu kitabu chake namna hiyo unayotaka wewe. Kilianza kama hadithi fupi zaidi, ilitoka kwenye jarida la Galaxy Februari 1951. Akairefusha. Baadaye akaigeuza tamthilia ya jukwaani, akabadilisha tena. Kama mwenye mali anabadilisha, kwa nini Bahrani asibadilishe?

---

Nesi_wa_Zamu

Mkaa_Mbele, asante kwa kunijibu kwa hoja. Nakubaliana nawe kuhusu Shannon, na kile kipande cha vikaratasi ni kizuri kweli. Nilikirudia.

Lakini hilo la kumgawa Mildred kwa umma mzima sikubali. Umma hauna kitanda. Umma hauamki asubuhi ukakana ulichokifanya usiku. Wale wanaotuma vikatuni kwenye majengo siwajui majina, hawaniumizi, naweza kuwadharau na kwenda kulala. Mildred siwezi kumdharau kwa sababu Montag amemuoa. Kitabuni kuna swali Montag anamuuliza mkewe: tulikutana wapi mara ya kwanza, na lini? Hakuna anayekumbuka, si yeye wala mkewe. Mildred anacheka, anaona ni kichekesho. Anaingia bafuni kumeza vidonge na Montag anabaki kitandani anahesabu anavyomeza maji. Halafu kurasa za mwisho kabisa, mabomu yanaposhuka mjini na Montag yuko mbali shambani amejilaza chini, ndipo anakumbuka. Chicago. Walikutana Chicago. Anakumbuka wakati mwenzake amekwisha.

Niambie umma ungefanyaje hilo.

Na hoja ya kwamba kuta za televisheni zimepitwa na wakati inanishangaza zaidi. Kitabuni Mildred anatumiwa kwa posta tamthilia yenye mapengo. Familia ya ukutani inaongea, wote wanageuka kumtazama yeye, ananyamaziwa kidogo, anajaza pengo: anasema anaona ni sawa. Halafu wanaendelea. Anamwambia mumewe kwa furaha kwamba ameshiriki. Mwaka 1953! Mtu anayeongea na sauti zinazomwita jina lake na kumfanya aone anahusika. Vidude vya masikioni navyo havimtoki hata akilala, mpaka amejifunza kusoma midomo ya mumewe. Hao ni wazee wa zamani? Mimi nawaona kwenye benchi la kusubiria kila usiku. Bahrani hakuhitaji kuvumbua kitu. Angemwachia tu huyo mwanamke chumba kimoja.

Kubadilisha hakunikeri. Bahrani angeweza kumweka Mildred katika nyumba yoyote, wakati wowote, na simu yoyote mkononi. Kinachonikeri ni kuchukua kitabu kinachosema "ni wewe" na kukifanya kiseme "ni wao".

---

Mkutubi_Mzee

Nimesoma mazungumzo haya tangu juu, na nimefurahi kuona watu bado wanagombana kwa ajili ya Mildred. Nitajibu swali la pili kwa sababu la kwanza limeshajibiwa vizuri.

Itazame ya 1966, mwanangu. Ina kasoro zake, nitakwambia, lakini itazame.

Imeongozwa na François Truffaut, Mfaransa, na ndiyo filamu pekee aliyoifanya kwa Kiingereza. Ndiyo pia ya kwanza yake kuwa na rangi. Utajua mara moja kwamba mtu huyu alikielewa kitabu: majina ya waigizaji na watengenezaji mwanzoni hayaandikwi. Yanasomwa kwa sauti, huku kamera inavuta antena za televisheni juu ya mapaa. Ni nchi isiyo na maandishi, basi hata filamu yenyewe haina maandishi. Hakuna anayekuelezea hilo. Unalihisi tu.

Mke yumo. Wamembadilisha jina, anaitwa Linda. Chupa ipo, anaanguka, na wanakuja wanaume wawili kumsafisha damu kwa uzembe ule ule. Ule mchezo wa ukutani unaouzungumzia upo pia. Waigizaji wa kwenye skrini wanageuka wanasema, Linda unaonaje, na yeye anajibu kwa kubahatisha, na wanamsifu. Nilipoiona mara ya kwanza nilijisikia vibaya kwa ajili yake.

Sasa sikia jambo ambalo mpaka leo watu wanabishania. Linda na Clarisse wote wawili wameigizwa na Julie Christie. Mwanamke mmoja, nywele tofauti. Wapo wanaosema ni kosa, kwamba unachanganyikiwa. Mimi naona ni wazo kubwa kuliko yote ya filamu ile. Clarisse anayeuliza maswali na mke anayemeza vidonge wana uso mmoja. Yaani yule aliyepotea kitandani angeweza kuwa huyu. Nesi, wewe zaidi ya mtu yeyote hapa utalielewa hilo.

Kipande ninachokipenda ni Montag anaposoma kitabu chake cha kwanza, usiku, amevaa joho la kulalia, amekaa kwenye mwanga wa skrini. Ni David Copperfield. Anaanza na ukurasa wa jina. Anasoma kila kitu, mpaka jina la mchapishaji na anwani yake, kidole kinafuata mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Oskar Werner, ambaye ndiye Montag, anaigiza kwa ubaridi sana, wengi walimlaumu, lakini hapo ni mzuri mno. Baadaye kitabu hicho hicho ndicho anachowasomea wageni wa mkewe, na mmoja analia. Shairi la kitabuni limeondoka lakini kilio kimebaki.

Kasoro: Faber hayumo kabisa, na bila yeye ule mstari unaoupenda kuhusu watu kuacha kusoma wenyewe unapungua nguvu. Mbwa wa chuma hayupo huku pia. Vita hakuna, mji haulipuliwi, kwa hiyo Chicago yako hutaipata. Kuna askari wanaoruka angani wakimtafuta Montag, na nyaya zao karibu zinaonekana. Clarisse hafi. Yuko na watu wa vitabu mwishoni, theluji inaanguka, kila mtu anatembea anajisemea kitabu chake, na kuna ndugu wawili mapacha ambao wote ni riwaya moja ya Jane Austen, mmoja ni sehemu ya kwanza na mwingine ya pili. Bradbury aliupenda mwisho huo. Alipoandika tamthilia yake ya jukwaani, naye akamwacha Clarisse hai.

Kwa hiyo Mkaa_Mbele ana haki kwamba mwenyewe alibadilisha. Ila angalia alibadilisha nini. Kwenye tamthilia hiyo hiyo Beatty anampeleka Montag nyumbani kwake na kumwonyesha vitabu vyake, ukuta mpaka ukuta. Montag anashangaa, ni kosa la jinai hili. Beatty anamjibu kwamba kosa ni kusoma, si kuwa navyo, na yeye havisomi. Alizidisha shtaka lile lile. Hakulihamishia kwa Wizara.

---

Dogo_wa_Mwisho

Samahani naingilia. Mimi sijasoma kitabu, nimeona hiyo ya 2018 tu na niliipenda sana, hasa pale yule mama mzee anapojichoma na vitabu vyake. Sasa nikisoma hapa naona kama nimeibiwa kitu. Nianze na kitabu au hiyo ya 1966?

---

Nesi_wa_Zamu

Dogo, kitabu. Hujaibiwa, una bahati, unakwenda kukutana na Mildred mara ya kwanza. Na huyo mama mzee yumo. Kitabuni anawasha kiberiti mwenyewe mbele ya zimamoto wote, baada ya kutamka maneno ya maaskofu wawili waliochomwa moto Uingereza mwaka 1555, na Beatty ndiye anayeyatambua njiani wakirudi kituoni. Montag kesho yake haendi kazini. Mildred anamwambia haoni sababu ya kuugua kwa ajili ya mwanamke asiyemjua.

Mkutubi_Mzee, shikamoo. Nimeitazama.

Sijui nianzie wapi. Yale majina yanayosomwa kwa sauti yalinifanya nizime taa nikae vizuri. Mafundi wawili walivyoingia nilisimama. Wanaongea na Montag kwa uchangamfu, wanamwambia mkewe akiamka atakuwa na hamu ya kila kitu, na akiamka kweli ndivyo anavyokuwa. Nimewahi kusema maneno ya uchangamfu namna hiyo kwa ndugu wa mgonjwa, saa kumi alfajiri, kwa sababu sikuwa na mengine. Filamu ya 1966 imenionyesha nilivyoonekana.

Kuhusu Julie Christie kuwa wote wawili, niko upande wako. Mwanzoni nilidhani nitachanganyikiwa. Baadaye kila Clarisse alipoongea nilimwona Linda aliyeamka, na kila Linda alipokaa mbele ya skrini nilimwona Clarisse aliyelazwa. Hilo kitabu hakina, na nimelipokea kwa mikono miwili. Mkaa_Mbele, unaona? Sichukii mabadiliko.

Faber nimemkosa. Sana. Yule mzee anayekiri kwamba aliona mambo yanavyokwenda na akanyamaza, ndiye sauti ya watu wazima wote walionyamaza. Sijui kwa nini filamu zote mbili zimeona hakuna haja naye.

Na yule ndege wa 2018 sasa namwelewa zaidi kwa nini alinikasirisha. Kwenye mwisho wa Truffaut watu wanasahau. Kuna mzee anakufa huku anamfundisha mtoto kitabu chake, mtoto anakosea, anasahihishwa, anarudia kwenye theluji. Montag wa kitabuni ana sehemu tu ya Mhubiri kichwani na kidogo cha Ufunuo, na anaogopa kwamba vimetoweka. Granger, kiongozi wa wale watu wa vitabu, anamwambia atakuwa navyo, vitarudi vikihitajika, wana njia ya kuvikumbusha. Kitabu kikiwa ndani ya mtu kinamdai mtu huyo: ale, alale, asife, apate wa kumwachia. Ukikiweka ndani ya vinasaba vya ndege hakimdai mtu chochote. Ndege hajui amebeba nini. Umeviokoa vitabu na hujamhitaji msomaji hata mmoja, na mimi nilidhani msomaji ndiye kitabu kizima kilikuwa kinamlilia.

---

Mkaa_Mbele

Hilo la ndege nakuachia, dada. Sikuwa nimeliwaza hivyo. Bado Shannon wangu simtoi.

---

Dogo_wa_Mwisho

Nimekubali, naanza na kitabu. Naona kuna matoleo mengi. Yana tofauti au nichukue lolote?

---

Mkutubi_Mzee

Toleo la sasa lolote ni sawa. Ila ukikuta nakala ya zamani ya Marekani ya miaka ya 1970, iangalie kwanza kabla hujalipa.

Kuanzia mwaka 1967 wachapishaji wake, Ballantine, walitoa toleo la shule, na wahariri wakawa wanapunguza na kubadilisha maneno humo bila kumwambia mwandishi. Sehemu kama 75 ziliguswa. Matusi madogo yakatolewa, neno la kutoa mimba likatolewa, mlevi akafanywa kuwa mgonjwa. Baadaye toleo hilo likawa ndilo linalouzwa kwa kila mtu, wasomaji wakubwa pia, miaka kadhaa. Bradbury alikuja kuambiwa na wanafunzi waliolinganisha nakala. Alikasirika, akaandika maelezo makali, na mwaka 1979 kitabu kikapangwa upya na maneno yote yakarudi. Matoleo mengi ya baadaye yana maelezo yake hayo nyuma. Ukiyakuta hayo nyuma, chukua.

Na ukifika pale Beatty anapoketi chumbani kwa Montag na kuanza kueleza, usiruke hata mstari, ingawa anaongea sana. Usome Mildred anafanya nini wakati huo: anatandika tandika kitanda, mkono wake umegusa kitu kigumu chini ya mto wa mumewe, na anauliza hiki ni nini.